Mkono Ulionyima Maji

Ungekwenda Kiamaiko miaka michache iliyopita, kabla hujafika wanakochinja mbuzi, ungemkuta Mbinya na sufuria yake. Wauza supu walikuwa wengi pale, siwezi kukudanganya, kila mmoja na moto wake na moshi wake. Lakini ungemwuliza mchinjaji yeyote supu ya kunywa ni ya nani, naye, mikono ikiwa imejaa damu, angekuelekeza kwa kidevu upande wa Mbinya. Vichwa na miguu ya mbuzi ilichomwa manyoya, ikakwanguliwa, ikachemshwa hadi nyama ikaachana na mfupa bila kushurutishwa. Walevi walikuja kwake asubuhi kutafuta akili zao. Wanaume waliopata watoto walikuja na chupa za chai ili wawapelekee wake zao waliotoka kujifungua. "Mama huyu ana mkono," watu walisema. Mbinya alikuwa mtu wa kuinamisha uso, lakini akilisikia neno hilo alinyanyua kichwa na kuwatazama watu machoni. Mkono huo ndio uliokuwa heshima yake mjini. Hakuwa na nyingine. Na mwaka wa habari hii alikuwa akiungoja wakati mkubwa kuliko nyakati zote, kwa maana binti yake wa pekee, Mutheu, alikuwa na mimba ya kwanza, na ile supu ya uzazi ingepikwa kwa ajili ya damu yake mwenyewe.

Basi mkono huo alinyang'anywa, na aliyemnyang'anya yuko hai leo kwa sababu yake. Sikiza, halafu useme mwenyewe kama kuna haki.

Mumewe aliitwa Muoki, mchonga vinyago. Kibanda chake kilikuwa Kariobangi, nyuma ya mafundi wa mabati, na hapo alichonga twiga na vifaru na viti vya miguu mitatu vinavyopendwa na wageni. Fundi? Fundi kwelikweli, hilo sitamnyima. Lakini kichwa chake, wewe! Kigumu kuliko mpingo aliouchonga. Kuinama kutwa kulikuwa kumemharibu mgongo, na tiba yake ilikuwa tembe za maumivu kutoka duka la dawa pale kona. Alizimeza kavukavu, akiwa amesimama, kisha akaendelea na tezo lake.

Msimu wa mvua ulipofika, mabomba ya mtaa yakachanganya maji safi na ya choo, kama kawaida, na wapangaji wa ploti nzima wakaharisha. Watu walitapika na kuendesha mpaka foleni ya choo ikawa ya kugombana. Waliokuwa na akili walikunywa maji yaliyochemshwa, yaliyotiwa sukari na chumvi, wakapona. Mbinya alimchanganyia mumewe jagi zima, akampelekea kibandani pamoja na kikombe.

"Kunywa, Baba Mutheu. Mwili umekauka. Angalia ngozi yako."

"Kwani mimi ni mtoto mchanga?" Muoki alimjibu bila kuacha kuchonga. "Nikinywa yanatoka. Nijaze pipa lililotoboka kwa nini?"

"Angalau kikombe kimoja. Nakuomba."

Alikipokea kikombe, akakimimina juu ya maranda yaliyotapakaa chini, polepole, huku akimwangalia usoni. Mafundi wa jirani wakaangua kicheko. Kisha akajitupia mdomoni tembe za mgongo, nyingi kuliko siku zote kwa sababu tumbo nalo lilikuwa likimkata, akarudi kwa kifaru chake. Mbinya akaokota kikombe, akaenda zake. Kikombe hicho anakikumbuka mpaka leo.

Mkojo wa Muoki ulianza kupungua, kisha ukakatika kabisa, na yeye, mjuaji wa dunia, akaona ni nafuu: safari za chooni zimeisha! Uso ukamvimba. Kwikwi ikamshika isimwachie. Asubuhi moja Mbinya alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akihema kwa nguvu, anamwita kwa jina la marehemu mama yake. Majirani wakamtoa kwa blanketi hadi barabarani, wakapata gari, na hospitali walikofika hakuna aliyetaja habari ya wodi. Walimpitisha moja kwa moja hadi chumba cha wagonjwa mahututi.

Hapo ndipo alipokuja Kanyiva, dada mkubwa wa Muoki. Kanyiva alikaa Makadara, karani mstaafu wa mahakama, na alizoea kumwuliza kila mtu maswali kana kwamba yuko kizimbani. Hakuwahi kumpenda Mbinya, wifi yake. Muuza vichwa vya mbuzi ameolewa na kaka yake, msanii! Alifika na kitambaa cha kanisani kichwani, akasimama mbele ya daktari, Mbinya akiwa nyuma yake.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kijaluo, Daktari Aluoch, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa na muda wa kubembeleza mtu.

"Figo zake zimezima," alisema. "Aliharisha mpaka damu ikapungua nguvu, figo zikakosa damu, na hizo tembe za maumivu zikamalizia. Hazijafa. Zimezimia. Zikipata muda zinaweza kuamka."

"Na zisipoamka?" Kanyiva akauliza.

"Basi haziamki," daktari akajibu, akageuka kwenda kwa kitanda kingine.

Mbinya alikuwa amekata figo za mbuzi maisha yake yote. Alimkaangia Muoki kila Jumamosi, na vitunguu, kwa kuwa ndicho kipande alichokipenda. Hakuwahi kujiuliza zina kazi gani ndani ya mtu. Sasa aliiona kazi hiyo ikifanywa na watu na mitambo, na loo, ilikuwa kazi ya kutisha. Mwanzoni walimjaza maji ya dripu kwa sababu mwili ulikuwa mkavu, na dawa ya kuinua presha. Wakaupima moyo wake kila mara, maana kuna chumvi moja iitwayo potasiamu, ambayo figo huitoa nje siku zote bila wewe kujua, na hiyo ilikuwa imejaa kwenye damu, karibu kuusimamisha moyo. Wakamdunga dawa ya kuukinga moyo, wakamdunga nyingine ya kuituliza chumvi. Wakamtia mpira wa mkojo, na mfuko wake ukaning'inia pembeni mwa kitanda. Mfuko ukabaki mtupu. Sasa yale maji ya dripu hayakuwa na pa kutokea. Yakapanda mapafuni, na Muoki akaanza kuzama akiwa kitandani.

Ndipo ikaletwa mashine. Walimtoboa shingoni, wakapitisha mpira mnene hadi kwenye mshipa, na damu yake ikatoka mbele ya macho ya mkewe, ikapita kwenye chujio, ikatolewa taka na maji yaliyozidi, ikarudishwa. Mbinya aliona damu kila siku ya maisha yake kule Kiamaiko, akaikanyaga, akaifua kwenye nguo. Lakini siku hiyo alishika ukuta.

Kesho yake alifanya alichojua kufanya. Akapika supu, akaitia kwenye chupa ya chai, akaja nayo hospitali imefungwa kwa leso. Daktari Aluoch akamsimamisha mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Supu ya miguu, daktari. Inainua mtu."

"Mama, supu hii kwake ni sumu. Imejaa ile chumvi inayosimamisha moyo. Rudi nayo nyumbani."

Mbinya akaikumbatia chupa yake kifuani. Hilo neno lilimwingia, lakini alilimeza, kwa sababu alitaka mume. Kanyiva, aliyekuwa kwenye benchi karibu, naye alilisikia. Yeye aliliweka akiba.

Nesi wa zamu ya mchana alikuwa kijana mnene kutoka Busia, akiitwa Bwire, mtu wa mzaha hata mahali pale. Ndiye aliyewasomea sheria. Mgonjwa atapata maji kwa kipimo, kutoka mkononi mwa nesi, na hayatazidi hapo hata tone. Mdomo waweza kuloweshwa kwa pamba. "Mtu akikojoa kidogo, anakunywa kidogo. Huyu hakojoi kabisa," alisema. "Atawalilia. Mwacheni alie. Kilio hakijawahi kumuua mtu humu ndani. Maji yameua."

Akili za Muoki zikarudi kidogo kidogo kadiri mashine ilivyosafisha damu, na kitu cha kwanza kilichorudi naye kilikuwa kiu. Hebu fikiria. Mtu aliyemwaga maji akiwa mzima, sasa alikuwa hana neno lingine kinywani. Kupitia barakoa ya hewa aliomba maji. Aliwaomba manesi, akamwomba mfagiaji, akamwomba Mungu. Akamwomba Mbinya kwa upole ambao hakuwahi kuusikia tangu uchumba wao.

"Mbinya wangu. Kidogo tu. Kiasi cha kifuniko."

"Daktari amekataza, Baba Mutheu."

"Daktari hakukuoa. Mimi ndiye niliyekuoa."

Alimlowesha midomo kwa pamba. Muoki alikuwa akiinyonya ile pamba kwa pupa, na siku moja akaiuma pamoja na kidole cha mkewe mpaka damu ikatoka. Mbinya hakupiga kelele. Alitoa kidole, akakifunga, akachukua pamba nyingine. Kila alipotoka pale alipita choo cha wageni akafungua mfereji, akaangalia maji yakitiririka, akalia mpaka watu wakagonga mlango.

Kanyiva yeye hakulia. Alifanya hesabu. "Mtu amekauka kwa kukosa maji, figo zikazima," aliwaambia jamaa nje ya lango. "Sasa tiba ni kumkausha zaidi? Hiyo ni akili ya wapi?" Daktari Aluoch alimweleza tena, kwamba mtu anaweza kuwa na kiu na bado akawa anafurika ndani, kwamba mapafu hayana nafasi tena. Kanyiva akatikisa kichwa vile karani anavyomtikisia shahidi mwongo.

Siku ilipokuja, ilikuja na habari njema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Asubuhi ile mfuko wa mkojo ulikutwa na kitu. Kidogo mno, rangi ya chai isiyo na maziwa, lakini kipo. Bwire aliuinua juu akauonyesha chumba kizima utadhani ni kombe la mpira. "Zinaanza kuamka," daktari akamwambia Mbinya. "Lakini kifua bado kimejaa maji, na kwenye mashine anarudi kesho. Msiniharibie kazi."

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, Kanyiva aliingia akiwa amejifunga leso, na chini ya leso kuna chupa ya maji, ile kubwa. Bwire alikuwa amepiga magoti kitanda cha tatu, mpira wa mtu umechomoka. Kanyiva akaifungua chupa. Muoki aliiona, macho yakamtoka, akanyoosha mkono wenye sindano.

"Wifi, hapana," Mbinya akasema.

"Niondokee. Ni tumbo la mamangu limemzaa huyu, si lako."

Akaisogeza barakoa pembeni, akaipeleka chupa kinywani mwa kaka yake. Mbinya akaidaka. Wakavutana wanawake wawili watu wazima, kimya kimya, juu ya kitanda cha mtu anayekufa, maji yakiruka kwenye shuka na Muoki akiyalamba mkononi mwake. Kanyiva alikuwa na mwili mkubwa, na Mbinya akajua hatamweza kwa muda mrefu. Akaipokonya kwa nguvu zake za mwisho, akakimbilia sinki iliyokuwa ukutani, pale pale mbele ya macho ya mumewe, akaipindua. Maji yakatoka gluu, gluu, gluu, mpaka yakaisha.

Na tuseme ukweli wote, tusimpambe. Maji yalipokuwa yakienda, Mbinya alikumbuka kikombe na maranda na kile kicheko cha mafundi, na kitu kidogo ndani yake kikafurahi. Hakikukaa. Lakini kilipita usoni mwake, na Muoki alikuwa akimtazama usoni.

Muoki akaivua barakoa kabisa. Sauti haikuwa kubwa, lakini mashine zenyewe ni kama zilinyamaza kumsikiliza.

"Mbinya. Mkono huo ulioninyima maji, usimpe mtu kitu kikamfaa. Utakayemlisha, akitapike. Utakayemshika, anyauke mikononi mwako. Nasema nikiwa nakufa."

Bwire alifika mbio akamrudishia barakoa, akawafukuza wote wawili. Yeye ni mtu wa Busia, alidhani ni maneno ya homa. Lakini Kanyiva alikuwa ameshika kichwa, na Mbinya alikuwa ameketi sakafuni. Wao walijua. Kwenye ukoo wa Muoki, ambao ni Wakamba, neno la namna hiyo huitwa kiumo, laana, na laana ya mtu aliyenyimwa maji akiwa anakata roho ni nzito kuliko zote. Hakuna mchungaji wa kuiondoa. Anaiondoa yeye mwenyewe aliyeitoa, kwa kujaza maji kinywani na kumpulizia aliyelaaniwa kifuani, akisema amemwachilia. Akifa kabla hajafanya hivyo, basi imekaa.

Tangu hapo Mbinya aliuombea ule mfuko wa mkojo kwa midomo miwili. Alimtaka mume wake apone, ndiyo. Na alimtaka apone ili alirudishe neno lake. Usimcheke. Wewe ungeomba nini?

Na figo zikaamka! Mkojo uliongezeka, ukajaza mfuko, kisha ukawa wa kupita kiasi, mifuko kwa mifuko, mpaka wale wale waliokataza maji wakawa wanamkimbilia na dripu asije akakauka tena. Mashine ikasukumwa kwenda kwa mgonjwa mwingine. Mpira wa shingoni ukatolewa. Mbinya alisimama mbele ya mfuko wa mkojo akaimba wimbo wa kanisa, na Bwire akaitikia kwa sauti mbaya. Daktari Aluoch akaja, akasimama mbele ya Muoki, Kanyiva akiwapo, akanena waziwazi.

"Nimesikia habari ya ile chupa. Ungeimaliza, ungezama usiku ule, na nisingekuwa na la kufanya. Mshukuru mkeo. Yeye ndiye aliyekuokoa."

Muoki alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukutani.

Wakati huo huko Kiamaiko habari ilikuwa imeshafika. Kanyiva hakuwahi kukanyaga machinjioni maisha yake yote kwa ajili ya kinyaa, lakini safari hii alikwenda. Alikwenda kwa Wakamba wenzake kwanza, akawaambia habari ya kiumo. Wasio Wakamba akawaambia ile akiba yake: "Hata daktari alisema supu yake ni sumu. Mwulizeni mwenyewe kama ni uongo." Nao walimwuliza, na Mbinya, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu kwamba ndiyo, daktari alisema hivyo, lakini kwa maana nyingine. Nani angoje maana nyingine? Walevi walihamia sufuria ya pili. Mchinjaji mmoja aliyempenda akaja kunywa kwa ubishi, kipande cha mfupa kikamkwama kooni, akakohoa mpaka machozi. Akakitema na kucheka. Lakini watu walikuwa wameona. Jioni hiyo Mbinya alimwaga sufuria nzima mtaroni.

Mutheu alijifungua mtoto wa kike wiki ile ile baba yake aliporuhusiwa kutoka. Mbinya akapika supu ya maisha yake. Akaipeleka, akamkuta binti yake kitandani amemlaza mtoto ubavuni.

"Weka hapo mezani, mwaitu," Mutheu akamwambia. Hivyo ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

"Inywe ingali moto."

"Nitakunywa."

"Nimshike mtoto kidogo, upate kunywa."

"Amelala," Mutheu akasema, na mtoto alikuwa macho, anatazama dari. Mbinya akaona, akaiweka chupa mezani. Aliporudi siku iliyofuata alikuta chupa ya chai pale pale, supu imeganda mafuta juu. Hakumlaumu binti yake. Mutheu alimwogopa Mungu na akakiogopa kiumo, kama sisi wote tunavyofanya, tunaimba Jumapili na kutetemeka Jumatatu.

Mbinya alimsihi Muoki chumbani mwao. Muoki alikuwa amepungua, lakini hatua zake zilikuwa imara, na popote alipokwenda alibeba chupa ya maji, kwani daktari alimwambia anywe vya kutosha na asiguse tena zile tembe.

"Baba Mutheu, umesikia alichosema daktari. Uniachilie. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mjukuu wako."

"Nilisikia."

"Na wewe pia ulinimwagia kikombe, nilipokuomba unywe."

"Wewe ulikuwa huniombi uhai," Muoki akasema. "Mimi nilikuwa nakuomba. Na daktari hakuuona uso wako. Mimi niliuona. Ulifurahi."

Mbinya akatoka nje.

Lakini jamaa waliona aibu, kwa sababu mambo yamefika mtaani. Mzee Mativo, baba mdogo wa Muoki, dereva wa zamani wa kampuni ya mabasi, akatuma ujumbe kwamba jambo hilo limalizwe Jumapili baada ya ibada. Walikusanyika sebuleni kwa Muoki, Kariobangi: Mzee kwenye kiti kikubwa, Kanyiva karibu na dirisha, Mutheu na mtoto mlangoni. Muoki alikubali kuketi nao. Alikubali! Mbinya alikuwa ameamka mapema akafagia, akavaa blauzi yake ya kanisani, ile ya vifungo mbele, kwa kuwa alijua maji yatapulizwa kifuani. Uso ulikuwa umemng'aa. Hata majirani tuliokuwa tukichungulia tulifurahi kwa ajili yake.

Mzee Mativo akajaza glasi kwa mkono wake.

"Muoki mwanangu, wewe ni mzima. Figo zako zinafanya kazi, unakula, unatembea. Neno ulilolisema ulilisema ukiwa mgonjwa. Lichukue. Mpulizie mkeo maji haya, useme umemwachilia, na mtoto huyu apate bibi."

Mbinya akapiga magoti mbele ya mumewe. Akafungua kifungo cha juu. Akafumba macho.

Muoki akapokea glasi. Akapiga funda kubwa, mashavu yakamvimba, akainama karibu na kifua cha mkewe. Mbinya alisikia pumzi yake ya puani. Akangoja. Alingoja kama watu wanavyongoja jina lao lisomwe.

Kisha akasikia sauti aliyoijua, sauti aliyoiomba kwa Mungu wiki zile zote ambapo hakuruhusiwa kuisikia. Muoki alikuwa amemeza.

"Nilikuwa na kiu," akasema.

Muoki akainyanyua glasi akamaliza maji yaliyobaki, polepole, huku akimtazama Mbinya usoni, kisha akaiweka chini sakafuni, karibu na magoti yake, akatoka kwenda kibandani kwake.

Mbinya akafunga kifungo. Kifungo kikakataa, akajaribu tena. Alipoweza, akafanya kile mwanamke wa nyumba hufanya wageni wakishakunywa: akaishika ile glasi tupu, akasimama aende akaioshe.

"Iache, mwaitu," Mutheu akamwambia taratibu kutoka mlangoni, akimfunika mtoto uso kwa shali. "Nitaiosha mimi."